Alisema Hana, Gazeti Likaandika Hakuwa Na

Tarehe 5 Februari 2003 Colin Powell, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani wakati huo, aliliambia Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa mjini New York kwamba Iraq ina silaha za maangamizi na inazificha wakaguzi wasizione. Mwezi uliofuata vita vikaanza. Kwa Kiingereza, kauli kama hiyo ikiripotiwa kesho yake huandikwa kwamba Powell "said that Iraq had" silaha hizo. Mtafsiri wa chumba cha habari, saa zikiwa zinamkimbiza, huitazama ile "had", akakumbuka kwamba ni ya wakati uliopita, akaandika: "Powell alisema kwamba Iraq ilikuwa na silaha za maangamizi." Sentensi hiyo haina kosa la herufi wala la upatanisho, lakini haisemi alichokisema Powell. Kwamba Iraq ilikuwa na silaha hakuna aliyebisha. Mji wa Halabja ulipigwa na majeshi ya Iraq kwa gesi ya sumu tarehe 16 Machi 1988 na maelfu ya Wakurdi wakafa, na baada ya Vita vya Ghuba vya 1991 serikali ya Baghdad yenyewe ilikiri mbele ya wakaguzi kuwa iliwahi kutengeneza silaha za kemikali. Ubishi uliogawa dunia mwaka 2003 ulihusu jambo jingine kabisa: ina, au haina?

Hoja yangu ni hii. Tunaporipoti kwa Kiswahili kile ambacho mtu amesema kipo au hakipo mikononi mwake au mwa mwenzake, kitenzi cha ndani ya kishazi cha "kwamba" kihesabu wakati kuanzia pale msemaji aliposimama, si pale mwandishi alipoketi. Aliyesema "sina" aandikwe kuwa alisema hana. Aliyesema "sikuwa na" ndiye aandikwe kuwa alisema hakuwa na. Kanuni ni ndogo, na kila mzungumzaji wa Kiswahili huifuata sokoni, msibani na kwenye simu bila kufundishwa na mtu. Hakuna anayemwambia mwenzake "Juma kasema hakuwa na nauli" akikusudia kwamba Juma amekwama kituoni sasa hivi. Atasema "Juma kasema hana nauli", na anayesikia atajua la kufanya. Ni pale tunapokaa mbele ya taarifa iliyokuja kwa Kiingereza, au tunapoandika Kiswahili huku tukiwaza kwa Kiingereza, ndipo kanuni inapotutoka. Ndipo mbunge anaposomeka akisema wananchi wa jimbo lake hawakuwa na maji, kocha anaposomeka akisema kikosi chake hakikuwa na mshambuliaji. Msomaji makini hubaki na maswali ambayo hakuna aliyekusudia kuyazua: je, maji yamekwishapatikana? Mshambuliaji amekwishasajiliwa?

Kiingereza chenyewe hakina lawama hapa, kwa sababu kinafuata sheria yake. Mwanaisimu wa Denmark, Otto Jespersen, katika kitabu chake The Philosophy of Grammar cha mwaka 1924, aliieleza tabia hiyo kuwa ni kurudisha nyakati nyuma. Kitenzi kikuu kikiwa katika wakati uliopita, kitenzi kilicho ndani ya kishazi cha "that" nacho huvutwa hatua moja nyuma: "has" inakuwa "had", "will" inakuwa "would". Jambo la kushika ni kwamba ile "had" mara nyingi haitoi habari ya wakati. Imefuata kitenzi kilichoitangulia, kama sisi tunavyosema "vitabu vizuri" ilhali "vi" ya pili haituongezei chochote kuhusu wingi wa vitabu. Msomaji wa Kiingereza huijua sheria hiyo tangu utotoni, kwa hiyo akisoma "he said that he had no money" anaelewa kuwa pesa hazikuwapo saa ile ile ya kusema. Mwandishi akitaka kurudi nyuma zaidi, anaandika "had had", au anaongeza neno la kuonyesha kwamba ni zamani. Na akitaka kuonyesha kwamba jambo bado liko vile vile, anaruhusiwa kuacha "has" bila kuigusa. Lugha hiyo ina milango yake yote. Tatizo huanza pale tunapobeba mlango mmoja tu na kuupachika kwenye nyumba yetu.

Kuna sababu kwa nini kosa hili linauma zaidi katika habari za kuwa na kitu au kukikosa kuliko katika habari za kwenda, kufika au kuvunja. Mtu akisema "nimefika jana", Kiingereza kikaripoti kwamba alifika, Kiswahili nacho kikaandika "alisema alifika", hakuna kilichoharibika, kwa kuwa tukio likishatokea limetokea. Kuwa na kitu ni hali. Hali ina mwanzo, ina muda wake, na siku moja ina mwisho. Shamba huuzwa, leseni huisha muda, silaha huharibiwa, mtoto huzaliwa. Kwa hiyo kila kauli ya "ana" au "hana" ina swali ndani yake: lini? Kiingereza hulijibu swali hilo kwa kumtegemea msomaji anayeijua sheria ya kurudisha nyuma. Si lugha zote zinazofanya hivyo. Katika Kirusi na Kijapani, maneno ya msemaji yakiripotiwa huachwa katika wakati aliouchagua yeye. Wanaisimu wamelieleza hilo kwa kina, na Bernard Comrie, katika kitabu chake cha 1985 kuhusu nyakati za vitenzi, anakichambua Kirusi kuwa mfano ulio wazi. Kiswahili kimesimama upande huo.

Ushahidi wa hilo umo ndani ya neno "ana" lenyewe. Ukilivunja, unapata kiambishi cha nafsi "a" na "na" ile ile ya "mimi na wewe". Hamna "li", hamna "ta", hamna "me". Anayekuja na mazoea ya Kiingereza hulichukua kuwa ni la wakati uliopo, lakini umbo hilo halina alama yoyote ya wakati: huazima wakati wake kwa kitenzi kilicholitangulia. Sikiliza jinsi watu wanavyosema. "Alirudi ana homa." "Nilimkuta hana kitu." "Waliondoka hawana habari." "Alikufa hana mtoto." Katika mfano huo wa mwisho mtu amekwishazikwa, wala hakuna anayedhani kwamba tunazungumzia hali yake ya leo. "Hana" imekaa kando ya "alikufa" na kuchukua saa ya kifo. Basi "alisema hana" huchukua saa ya kusema kwa njia ile ile. Kinyume chake, "alikuwa na" na "hakuwa na" zimebeba alama zao wenyewe, na zikiwekwa baada ya "alisema" sikio la Mswahili huzipeleka nyuma ya kusema kwenyewe. Mwambie mtu "alisema alikuwa na mashamba mawili" naye atauliza kama yaliuzwa au yalidhulumiwa. Hatauliza hivyo kwa "alisema ana mashamba mawili". Hii ni tofauti ambayo Kiswahili kinaitoa kwa silabi chache, na sisi wenye kuandika ndio tunaoitupa.

Turudi Iraq, kwa sababu huko tofauti hiyo ilikuwa na uzito usio wa kawaida. Agosti 1995 Hussein Kamel, mkwe wa Saddam Hussein na mtu aliyesimamia miradi ya silaha ya nchi hiyo, alitorokea Jordan. Tarehe 22 mwezi huo alihojiwa mjini Amman na ujumbe wa wakaguzi wa Umoja wa Mataifa ulioongozwa na Rolf Ekéus wa Sweden. Alichowaambia kilikuwa na nusu mbili: kwamba Iraq ilikuwa na silaha hizo, na kwamba ziliharibiwa baada ya vita vya 1991 kwa amri yake. Alirejea Baghdad Februari 1996 akauawa mwezi huo huo. Miaka ilipopita, viongozi wa Marekani na Uingereza walimtaja Kamel mara kwa mara kama shahidi wa hatari ya Iraq, na nusu ya pili ya maneno yake haikusikika. Nakala ya mahojiano yale ilifahamika hadharani wiki chache tu kabla ya mabomu kuanza kuanguka. Kikundi cha wachunguzi kilichotumwa na Marekani baada ya vita, ambacho ripoti yake ya mwisho iliandaliwa na Charles Duelfer mwaka 2004, kilihitimisha kwamba akiba ya silaha hizo haikuwapo, na kwamba za kemikali ziliharibiwa mwaka 1991 isipokuwa mabaki machache ya zamani.

Sidai kwamba vita vile vililetwa na sarufi. Viliamuliwa na watu wenye madaraka, kwa sababu zao. Ninachokionyesha ni kwamba sentensi ya Kiingereza inayosema Kamel "said that Iraq had chemical weapons" ni ya kweli kwa maana moja na ya uongo kwa maana nyingine, na msomaji haoni mshono. Alisema walikuwa nazo: kweli. Alisema wanazo: si kweli. Kiswahili kina sentensi mbili tofauti kwa mambo hayo mawili, "Kamel alisema Iraq ilikuwa na silaha" na "Kamel alisema Iraq ina silaha". Mwandishi wa Kiswahili aliyeandika habari hiyo kwa uangalifu angelazimika kuchagua, na kwa kuchagua angelazimika kwenda kuulizia: mtu huyu alisema nini hasa? Lugha yetu inatulazimisha tujue kabla ya kuandika. Kwa mwandishi wa habari hiyo ni neema, na tunaikataa kila tunapoandika "ilikuwa na" kwa mazoea.

Upande wa kukosa una mtego wake. Kiingereza kina kitenzi "lack", na kamusi huturushia "kukosa". Sasa fikiria taarifa kwamba daktari wa wilaya alisema kituo cha afya "lacked" dawa. Mtafsiri anaandika "alisema kituo kilikosa dawa". Lakini kukosa, kwa Mswahili, kwanza ni kutafuta usipate. Aliyekosa basi alikwenda stendi. Aliyekosa nafasi ya chuo aliomba. Kituo kilichokosa dawa, basi, kiliagiza kikanyimwa, na tukio hilo limekwisha. Daktari alichosema ni kwamba kituo hakina dawa. Kauli ya kwanza ni hadithi ya jana isiyo na mwenye kuulizwa. Ya pili ni shutuma ya leo: kuna mgonjwa anayerudishwa nyumbani asubuhi hii, na kuna ofisi inayopaswa kujibu. Mabadiliko ya kitenzi kimoja yamemwondolea mtu wajibu bila yeye kuomba, na mwandishi hakukusudia kumsaidia yeyote. Ndiyo maana siwezi kukubali kwamba hili ni suala la walimu wa sarufi peke yao. Uwajibikaji katika habari zetu hutegemea sana kama kilichokosekana bado kinakosekana.

Zipo nyakati ambapo "hakikuwa na" ndiyo sahihi, na lazima zisemwe, maana kanuni ikitumiwa bila kufikiri itazaa kosa la upande wa pili. Ripoti za ukaguzi ni mfano mzuri. Mwaka wa fedha wa serikali, Tanzania na Kenya, humalizika tarehe 30 Juni, na ripoti za wakaguzi wakuu huja miezi mingi baadaye zikieleza mwaka uliokwisha. Mkaguzi akiandika kwamba halmashauri fulani haikuwa na daftari la mali, anasema juu ya kipindi alichokikagua, na gazeti liseme hivyo hivyo: "mkaguzi alisema halmashauri haikuwa na daftari". Mkurugenzi akijibu kwamba sasa daftari lipo, gazeti liandike "mkurugenzi alisema halmashauri ina daftari". Msomaji anaona mara moja kuwa wawili hawa hawapingani. Kila mmoja anazungumzia saa yake. Tukiandika "haikuwa na" na "ilikuwa na", kama Kiingereza kinavyotuvuta tufanye, tumetengeneza ugomvi usiokuwapo, na mmoja wao ataonekana mwongo.

Vyumba vya mahakama ndivyo ninavyovihofia zaidi. Katika Tanzania na Kenya shahidi wa kawaida huzungumza Kiswahili, lakini kumbukumbu za mahakama kwa miaka mingi zimeandikwa kwa Kiingereza. Sheria ya Kenya inaweka Kiingereza kuwa lugha ya Mahakama Kuu, na Kiingereza au Kiswahili kwa mahakama za chini yake. Tanzania ilibadili sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya utoaji haki, na mwanzoni mwa mwaka huo huo Jaji Zephrine Galeba, aliyetoa uamuzi kwa Kiswahili katika Mahakama Kuu huko Musoma, alipandishwa kwenda Mahakama ya Rufani. Ni hatua inayostahili pongezi. Lakini mashauri mengi bado yana tabaka la Kiingereza katikati: shahidi anasema kwa Kiswahili, hakimu anaandika kwa Kiingereza, na siku ya rufaa au ya habari gazetini maneno yanarudi tena kwenye Kiswahili. Kila safari ni nafasi ya wakati kuhama.

Chukua kosa la kukutwa na mali ya wizi. Mahakama za nchi zetu hufuata kanuni iliyorithiwa kutoka Uingereza kwamba mtu akikutwa na kitu kilichoibwa muda mfupi baada ya wizi, na kitu hicho kikatambuliwa na mwenyewe, naye asitoe maelezo yanayokubalika, mahakama inaweza kuhitimisha kuwa ndiye mwizi au mpokeaji. Katika kesi za namna hiyo swali la "alikuwa nacho lini" ndilo kiini cha hatia. Sasa tuseme askari anatoa ushahidi: "Mshtakiwa aliniambia hana risiti ya pikipiki." Kwa Kiingereza inaandikwa kwamba mshtakiwa alisema "that he had no receipt", na ni sahihi. Ikirudi Kiswahili kuwa "alisema kwamba hakuwa na risiti", mtu anaweza kuisoma kuwa mshtakiwa alikiri hakuwahi kupewa risiti aliponunua. Kusema "sina" kituoni, pengine kwa sababu risiti iko nyumbani kwa mkewe, na kusema kwamba ununuzi wenyewe haukuwa na risiti ni mambo mawili, na wakili yeyote anajua lipi linamfunga mtu. Neno la mtu aliye hatarini kupoteza uhuru wake linastahili kurudi kwake likiwa na saa ile ile aliyolitamkia.

Wapo watakaojibu kwamba muktadha huondoa shaka, na msomaji si mtoto. Nakubali kwamba mara nyingi anaelewa. Anaelewa kwa sababu amezoea Kiswahili cha taarifa, na kimyakimya hukirudisha kwenye Kiingereza kilikotoka. Lakini angalia ni nani tunayemtegemea hapo: ni msomaji aliyekwenda shule ya kutosha kuisikia "had" nyuma ya "ilikuwa na". Aliyesoma darasa la saba, au mzee anayesomewa gazeti na mjukuu, hana Kiingereza cha kurudia. Yeye anayachukua maneno kama yalivyo, na ndiye anayepewa habari isiyo sahihi. Gazeti la Kiswahili lipo kwa ajili yake kwanza. Isitoshe, muktadha husaidia pale ambapo jambo ni jepesi na linajulikana. Pale ambapo kuna mgogoro juu ya nani ana nini, kama katika ardhi, mirathi, silaha au deni, muktadha wenyewe ndio unaobishaniwa.

Pingamizi zito zaidi linatoka darasani. Watu wengi, hasa waliosoma Kenya, wamefundishwa kuwa usemi halisi ukigeuzwa usemi wa taarifa, nyakati hubadilika: "nitakuja" inakuwa "angekuja", "nina" inakuwa "alikuwa na". Mwanafunzi asiyebadili hupoteza alama. Wanauliza: mwandishi atawezaje kuacha kanuni iliyomo kwenye mtihani wa taifa? Jibu langu ni kwamba sehemu ya kanuni hiyo ni sahihi na sehemu si sahihi. Ni kweli kwamba "mimi" huwa "yeye", "hapa" huwa "pale", na "kesho" huwa "siku iliyofuata", kwa kuwa msimuliaji amehama mahali na siku. Lakini "angekuja" kwa Kiswahili ni ya sharti lisilotimia: angekuja kama asingeugua. Anayeripoti kwamba waziri alisema serikali ingejenga barabara ameshaiambia hadhira kwamba barabara haijengwi. "Nge" haijawahi kuwa ile "would" ya taarifa, na "alikuwa na" haijawahi kuwa ile "had" ya taarifa. Zoezi hilo limefuata ngazi ya nyakati za Kiingereza kidato kwa kidato, na ninaona wakati umefika kwa wanaoandaa mitaala na wanaotunga mitihani kulikagua upya kwa kusikiliza jinsi Waswahili wanavyoripoti maneno ya wenzao, badala ya kutazama jedwali la lugha nyingine.

Wengine watasema lugha hubadilika, na kama magazeti yameandika hivi kwa miongo kadhaa basi hiki ndicho Kiswahili cha magazeti. Lugha hubadilika, ndiyo, na Kiswahili kimepokea mengi kutoka nje kwa faida: maneno, miundo, hata sauti. Lakini mabadiliko hupimwa kwa kile yanachoacha nyuma. Kiswahili kinatenganisha "alisema hana", "alisema hakuwa na", "alisema alikuwa hana tena" na "alisema hatakuwa na". Mtindo huu wa taarifa unazibana mbili za mwanzo kuwa moja na hautupi kitu badala yake. Mabadiliko yanayopunguza uwezo wa kusema jambo waziwazi, tena katika kazi ambayo uwazi ndio bidhaa yake, sioni kwa nini tuyakaribishe. Na sasa programu za kutafsiri zinazojifunza kutokana na maandishi yetu ya jana zitaurudia mtindo huo kwa kasi isiyomngojea mhariri.

Mhariri mwenye hofu ya kisheria anaweza kuleta hoja nyingine: nikiandika "alisema kampuni haina leseni", je, si kama gazeti langu linathibitisha kwamba haina? Hofu hiyo nayo imetoka kwenye Kiingereza, ambako kuacha "has" bila kuirudisha nyuma humfanya mwandishi aonekane anashiriki kauli. Kiswahili hakiweki dhamana mahali hapo. Dhamana imo katika kitenzi kikuu. Ukiandika "alisema", "alidai", "alikanusha" au "alilalamika", kilicho ndani ya kishazi ni mali ya msemaji. Ukiandika "alithibitisha", "alibaini" au "aligundua", umejiingiza wewe mwenyewe, na hapo ndipo uangalifu wa kisheria unapohitajika. Kwa vitenzi hivi vya kugundua nakiri kwamba "alikuwa na" ina nafasi yake halali: "polisi waligundua kwamba alikuwa na bastola mbili" ni Kiswahili kizuri, kwa sababu kuwa nazo ni ukweli anaousimulia mwandishi mwenyewe kutoka mahali pake. Ninachokipinga kinahusu vitenzi vya kusema. Anayetaka umbali achague "alidai" au aandike "kwa mujibu wa". Asimwendee nyuma msemaji kwa kumbadilishia wakati.

Marekebisho haya hayahitaji bajeti, kamati wala kamusi mpya. BAKITA, yaani Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania, na wanaosimamia lugha Kenya na Uganda wanaweza kuyaweka katika miongozo yao ya uandishi kwa aya moja, na makarani wa mahakama wakayapata pamoja na mafunzo ya kutafsiri sheria. Lakini vyumba vya habari havina haja ya kungoja. Kabla habari haijaenda mtamboni, mhariri wa zamu auulize ukurasa swali moja kila anapokuta "alisema kwamba" ikifuatwa na "alikuwa na" au "hakuwa na": msemaji alitamka "nina" au "nilikuwa na"? "Sina" au "sikuwa na"? Mwandishi aliyekuwapo atajua. Asiyejua, ampigie simu msemaji kabla ya kuandika.